Bastola ndogo kwa mita 25: mazoezi makavu, risasi za kweli au bastola ya upepo?

Uwanjani kila Jumamosi hakosi mtu mwenye malalamiko yale yale. Kwa mita 7 amepiga vizuri, matundu yote unaweza kuyafunika kwa kiganja. Karatasi inasogezwa hadi mita 25, anapiga risasi 10, tunakwenda kuangalia: nne zimeingia kwenye karatasi, moja imechana ukingo, na tano hazijulikani zilikokwenda. Anarudi mezani, anaitazama bastola yake, anasema, "Hii ni fupi mno. Afadhali ningenunua ile ndefu."

Makala haya nayaandika kwa ajili yake, na kwa kila mwenye leseni na bastola ndogo anayejiuliza pesa na muda wake avipeleke wapi ili apige mbali kwa uhakika. Njia za mazoezi ni nyingi na kila muuzaji husifia yake. Mimi nimezipitia karibu zote, nyingine kwa hasara, na msimamo wangu nausema mapema: dakika 10 za bastola tupu nyumbani, karibu kila siku, zitakusogeza mbele kuliko kasha la risasi unalolimaliza kwa pupa mara moja kwa mwezi. Lakini hilo kasha nalo lina kazi ambayo hakuna kingine kinachoweza kuifanya, na ndiyo sababu ya kulinganisha.

Kwanza, ufupi wa bastola una lawama kiasi gani?

Tuchukue Glock 19, bastola ndogo inayofahamika pengine kuliko zote. Mtutu wake ni milimita 102. Glock 17, ndugu yake mkubwa, ina mtutu wa milimita 114. Kutoka kilengeo cha nyuma, kile chenye pengo, hadi kijiti cha mbele, Glock 19 ina takriban milimita 153 na Glock 17 takriban 165. Hapo ndipo watu hudhani siri imefichwa.

Piga hesabu kidogo. Ukikosea kupanga vilengeo kwa milimita moja nzima, ambalo ni kosa kubwa linaloonekana kwa macho, risasi ya Glock 19 itapotoka kwa sentimita 16 hivi kwenye mita 25. Ya Glock 17 itapotoka kwa sentimita 15. Hata Glock 26, ile inayomezwa na kiganja, yenye takriban milimita 137 kati ya vilengeo, itapotoka kwa sentimita 18. Tofauti ya ndogo kabisa na kubwa ni upana wa vidole viwili. Huyu bwana risasi zake zimetoka nje ya karatasi kabisa. Bastola ndefu ingempunguzia kosa kidogo sana, kisha angelalamikia kitu kingine.

Wengine husema risasi huanguka njiani. Huanguka, ila si kwa umbali huu. Risasi ya kawaida ya milimita 9 hutoka kwa mwendo wa mita 350 hivi kwa sekunde. Ukiwa umeilinganisha bastola yako ipige sawa kwa mita 25, kwa mita 50 itapiga chini ya shabaha kwa sentimita nne au tano. Mpigaji wa kawaida hata hawezi kuliona hilo kwenye karatasi yake.

Lawama iko kwenye kidole. Kifyatulio cha Glock ya kawaida huhitaji nguvu ya takriban kilo 2.5 ili kiachie. Bastola yenyewe, ikiwa tupu, haifiki gramu 700. Maana yake unavuta kwa kidole kimoja nguvu inayozidi mara tatu uzito wa kitu ulichokishika, na unataka kitu hicho kisitikisike hata nusu milimita. Hapo bastola ndogo kweli ina ugumu wake: ni nyepesi, mpini ni mfupi, wakati mwingine kidole cha mwisho kinakosa pa kushika, na teke lake, ule msukumo wa kurudi nyuma risasi inapotoka, linairusha zaidi mkononi. Ni ugumu wa mkono na akili, na mkono na akili hufundishika.

Mfano ninaoupenda ni wa Károly Takács wa Hungaria. Mwaka 1938 guruneti lilimlipukia kwenye mkono wa kulia, mkono aliokuwa akilengea. Alijifundisha upya kwa mkono wa kushoto, na kwenye Olimpiki ya London ya 1948 akachukua dhahabu ya bastola ya kufyatua haraka kwa mita 25, akairudia Helsinki mwaka 1952. Mkono aliotumia ulikuwa haujui chochote hapo mwanzo. Kila alichokuja kukijua kiliingizwa kwa marudio.

Mazoezi makavu

Mazoezi makavu ni kufyatua bastola isiyo na risasi, ukiangalia vilengeo wakati kifyatulio kinapoachia. Basi. Hakuna mlio, hakuna moshi, hakuna gharama. Ndiyo maana watu huyadharau.

Kabla ya uzuri wake, nieleze utaratibu, na hapa sitanii hata kidogo. Risasi zote, pamoja na magazini zilizojaa, zinabaki chumba kingine, zimefungiwa. Unatoa magazini, unavuta nyuma slaidi, ile sehemu ya juu ya bastola inayoteleza, unaangalia kwa jicho chemba, pale risasi inapokaa kabla ya kufyatuliwa, kisha unaipapasa kwa ncha ya kidole. Unarudia. Unachagua ukuta ambao hata ukikosea utazuia risasi, na ambao nyuma yake hakuna mtu; mbao na mabati havifai. Watoto wasiwemo. Ukimaliza, useme kwa sauti, "Nimemaliza," bastola irudi kwenye kasha la chuma, na usirudie tena hata mara moja siku hiyo. Ajali nyingi za mazoezi haya hutokea pale mtu alipokwisha maliza, ameshaweka risasi, kisha anasema "ngoja nifanye moja ya mwisho." Hiyo ya mwisho ndiyo huua.

Sasa zoezi lenyewe. Bandika karatasi ndogo ukutani, simama mita 5. Ukitaka ifanane na sahani, yaani shabaha ya duara, ya sentimita 20 iliyo mita 25, kata duara la sentimita 4. Liangalie vizuri: dogo kama kifuniko cha chupa ya maji. Sasa inua bastola, weka kijiti cha mbele katikati ya pengo la nyuma, mwanga ulingane pande mbili, vichwa viwe sawa. Jicho liwe kwenye kijiti, si kwenye duara. Duara liache liwe na ukungu. Anza kuvuta kifyatulio polepole, nyuma moja kwa moja, bila kujiuliza kitaachia lini. "Tik." Kijiti kilikuwa wapi kilipoachia? Kama kilibaki pale pale, umepiga. Kama kiliruka kushoto, umejiona mwenyewe ukikosa, na hujapoteza risasi hata moja.

Kuna zoezi jingine ambalo linahitaji msaidizi aliyesimama kando yako, kamwe si mbele. Aweke shilingi juu ya slaidi, nyuma kidogo ya kijiti cha mbele. Vuta. Shilingi isianguke. Mara ya kwanza yangu ilianguka mara saba mfululizo, nikafikiri slaidi ina mteremko. Wiki ya tatu ilikuwa inabaki mara tisa kati ya kumi. Nilipokwenda uwanjani mwisho wa mwezi huo sikuwa nimepiga risasi hata moja ya kweli, na kundi la matundu yangu kwa mita 15 lilikuwa limepungua karibu nusu.

Kasoro ya kwanza ni ya kimtambo. Glock na bastola nyingine za aina yake, ukishafyatua mara moja lazima uvute slaidi kidogo uikoki tena, na kila mara mshiko unavurugika. Chukulia hilo kama nafasi ya kujifunza kushika upya. Mwenye bastola ya nyundo, kama Beretta 92 Compact au CZ P-07, yuko huru zaidi: anaweza kuvuta tena na tena kwa mvuto ule mrefu mzito unaoikoki nyundo wenyewe, na akiweza kutuliza kijiti kwa mvuto huo, mvuto mfupi utamwia rahisi. Uliza kwanza kama bastola yako inaruhusu kufyatuliwa tupu. Nyingi za kisasa zinaruhusu, lakini zile za risasi ndogo za .22 mara nyingi hazifai bila risasi bandia ndani, kwa sababu pini hugonga ukingo wa chemba na kuuharibu.

Kasoro ya pili ni nzito zaidi. Mazoezi makavu hayakufundishi mlio. Unaweza kuwa bingwa wa sebuleni, mkono umetulia kama jiwe, ukafika uwanjani na mwili wote ukakusaliti.

Risasi za kweli

Mwalimu wetu uwanjani ni mzee mstaafu wa jeshi. Haongei sana. Siku moja alichukua magazini yangu, akanigeuzia mgongo, akaijaza mwenyewe, akanirudishia. "Piga, mwanangu."

Nikapiga ya kwanza, ikaenda sawa. Ya pili sawa. Ya tatu ikasema "tik" tu, na mdomo wa bastola ukadonoa chini kama kuku anayeokota mchele. Watu wote mezani waliona. Alikuwa amechanganya risasi bandia mbili na za kweli sita, na mimi sikujua zimekaa wapi. Mlio ulikuwa haujatokea, lakini mkono wangu ulikuwa umeshaanza kupigana nao.

"Mzee, kumbe nadonoa kila mara?" nikamuuliza.

"Kila mara. Ila mlio ulikuwa unakufichia."

Hilo ndilo jambo ambalo sebule haiwezi kukuonyesha, na kwa maoni yangu ndiyo sababu kubwa ya kwenda uwanjani. Kwa anayetumia mkono wa kulia, kudonoa huko hupeleka risasi chini kushoto. Ukiona matundu yako yamejikusanya upande huo, usikimbilie kusogeza vilengeo. Omba rafiki akuchanganyie risasi bandia.

Uwanja pia husema ukweli wa umbali. Kundi la matundu hutanuka kadiri unavyorudi nyuma: kama kwa mita 10 kundi lako ni sentimita 8, usitegemee kwa mita 25 lipungue sentimita 20. Kwa hiyo kuruka kutoka mita 7 hadi 25 kwa siku moja ni kujitesa. Panda ngazi. Mita 7, kisha 10, 15, 20, ndipo 25, na usivuke ngazi mpaka risasi 10 zote zikae kwenye sahani ya sentimita 20 kwa siku mbili tofauti. Bastola ndogo nyingi nzuri, zikiegemezwa kwenye mfuko wa mchanga, huweza kukusanya risasi ndani ya sentimita 5 hadi 8 kwa mita 25. Kilichozidi hapo ni chetu sisi tunaoshika.

Jambo moja la kijiti cha mbele huonekana vizuri uwanjani. Kijiti cha kawaida cha kiwandani kina upana wa milimita 4 hivi. Ukikishika kwa urefu wa mikono, kwa mita 25 kinaziba upana wa sentimita 14 za shabaha. Duara jeusi la katikati linamezwa lote. Wengi hapo huinua shingo, hushusha bastola, huchungulia, na upangaji wote unaharibika. Ni afadhali ulenge chini ya duara, duara likae juu ya kijiti kama chungwa juu ya kigingi, ilimradi ujue bastola yako imelinganishwa hivyo.

Kasoro za risasi za kweli zinajulikana. Ni ghali, na kibali chako kina kikomo cha idadi unayoruhusiwa kuwa nayo. Uwanja uko mbali. Baada ya risasi 50 au 60 mkono huchoka, kudonoa kunarudi, na kila risasi ya ziada unaitumia kujifundisha kosa. Nimeona watu wakimaliza 200 kwa asubuhi moja, wanaondoka wakipiga vibaya kuliko walivyofika. Kisha kuna risasi yenyewe, maana ni ya madini yenye sumu: nawa mikono na uso kwa sabuni kabla ya kushika chapati, na nguo za uwanjani usizichanganye na za watoto.

Linganisha marudio. Kasha moja la risasi 50 kwa mwezi ni mivuto 50 ya kifyatulio. Mivuto 30 nyumbani kwa siku tano za wiki ni 600 kwa mwezi. Anayefanya vyote viwili ana mivuto 650, na ile 50 ni mtihani wa ile 600.

Bastola ya upepo

Wengi waliamka kuhusu bastola ya upepo baada ya Olimpiki ya Paris 2024, picha za Yusuf Dikeç wa Uturuki zilipozagaa: fulana, miwani ya kawaida, mkono mmoja mfukoni. Alipata medali ya fedha ya timu mchanganyiko kwa mita 10 pamoja na Şevval İlayda Tarhan. Watu waliona utulivu wake wakasema, nami nataka hiyo.

Ni kifaa cha ajabu kwa mafunzo. Karatasi ya mita 10 ina duara la pointi 10 lenye upana wa milimita 11.5, dogo kuliko ukucha wa kidole gumba. Kwa kipimo cha mita 25, ni kama kugonga kitu cha sentimita 3. Kidonge chake chenye upana wa milimita 4.5 hutoka polepole ukilinganisha na risasi, hivyo hukaa kwenye mtutu kwa muda mrefu zaidi, na kosa lolote unalofanya baada ya kifyatulio kuachia linaonekana kwenye karatasi. Inakulazimisha kubaki umetulia mpaka mwisho. Hakuna teke, hakuna mlio mkubwa, na gharama ya vidonge ni ndogo.

Sasa weka kando ya bastola yako ndogo. Ile ya mashindano inaruhusiwa kufika kilo 1.5, mpini wake umechongwa kufuata kiganja, hushikwa kwa mkono mmoja, na kifyatulio chake kinaruhusiwa kushuka hadi gramu 500. Chako ni kilo 2.5. Ukitoka kwenye ile ukaja kwenye Glock utadhani kifyatulio kimeshika kutu. Jicho na subira vinahama nawe vizuri. Kidole na mshiko havihami sana. Zile za bei nafuu za gesi, zilizoundwa kufanana na bastola halisi, zina umbo na uzito wa karibu na chako, lakini nyingi hazina usahihi wa kutosha kukuambia kama kosa ni lako au lake. Nyingi pia hurusha gololi za chuma, ambazo zikigonga kitu kigumu hurudi. Miwani ya kinga haina mjadala.

Na usiichukulie kama kitu cha watoto. Sheria za silaha, Sura ya 114 kwa Kenya na ile ya 2015 kwa Tanzania, si za kukisia kwa kusikiliza watu. Uliza ofisi inayotoa leseni kabla hujaagiza.

Leza na .22, kwa ufupi

Risasi ya leza, ile inayoingia kwenye chemba na kutoa doa jekundu ukutani ukifyatua, inapendeza siku za mwanzo. Inakupa jibu papo hapo. Tatizo ni kwamba jicho hulifuata doa. Unaacha kijiti, unachungulia ukuta, na kuchungulia huko ndiko kunakoharibu upigaji wa mbali. Nimeitumia mwezi mmoja nikaiweka droo. Kama unayo, itumie kwa mivuto mitano ya mwisho kujikagua tu.

Bastola ya .22 ni kitu kingine. Risasi yake ni ya kweli, teke ni dogo, gharama ni nafuu, na unaweza kuipiga mita 25 bila mwili kuogopa. Kwa mtu anayedonoa sana, kupiga magazini moja ya .22, kisha moja ya milimita 9, kisha kurudi kwenye .22, hutibu haraka. Kinachozuia ni kibali, kwani ni silaha ya pili. Kama klabu yako inayo ya kufundishia, iombe.

Kitone chekundu badala ya vilengeo?

Kitone ni kioo kidogo cha betri kinachofungwa juu ya slaidi; ukichungulia ndani yake unaona doa jekundu la kulengea, na doa hilo haliendi ukutani kama la leza. Swali hili huja kila mara, kwa sababu kitone ni kitu cha kununua na kununua ni rahisi kuliko kufanya mazoezi. Lakini nisilidharau. Kitone cha ukubwa wa kawaida, kile kinachoandikwa 3 MOA (MOA ni kipimo cha pembe), kwa mita 25 kinafunika sentimita 2 na kidogo tu, penye sentimita 14 za kijiti. Huna haja ya kupanga vitu viwili. Unaangalia shabaha, kitone kinakaa juu yake. Kwa macho yaliyokwisha vuka miaka 45 hivi, yale yasiyoweza tena kukiona kijiti bila ukungu, ni ukombozi. Mzee wetu alikataa kwa muda mrefu, akaja akafunga kimoja, na siku hiyo nilimwona akitabasamu peke yake mezani.

Kwa upande mwingine, kitone huonyesha kila mtetemo wa mkono. Mtu akikiona kinacheza, huvizia kipite katikati kisha avute kwa ghafla, na hapo ameharibu. Mtetemo wa kawaida hautakutoa kwenye sahani. Ni kule kuvuta ghafla kunakokutoa. Betri nayo huisha, slaidi lazima iwe ya kuweza kukifungia, na ukiinua bastola vibaya kitone hukioni kabisa. Nasema hivi: kama kijiti unakiona kwa ukali wake, kaa na vilengeo mpaka shilingi isianguke. Kama hukioni hata kwa miwani, usijitese, nunua kitone, kisha ufanye mazoezi makavu yale yale kwa kitone hicho.

Nani achague nini

Anayepata kasha moja la risasi kwa mwezi au pungufu, mazoezi makavu ndiyo chakula chake na kasha ni kipimo. Ningeligawa hivi: risasi 10 kwa mita 7 kuamsha mkono, 15 kwa mita 15, kisha 15 zilizochanganywa na bandia tano kwa mita 10, na 10 za mwisho kwa mita 25, kama kipimo tu hata kama hujafika ngazi hiyo, moja moja, bastola ikishushwa mezani kila baada ya risasi. Hizo 10 za mwisho zihesabu na uziandike kwenye daftari pamoja na tarehe. Zilizoingia kwenye sahani mwezi huu ni tatu? Andika tatu.

Anayepiga vizuri nyumbani na vibaya uwanjani, kwake shida ni mlio. Huyu aongeze risasi bandia, avae kinga ya masikio mara mbili, vile vya kuziba ndani na vile vya kufunika juu, na kama kuna .22 ya kuazima uwanjani, aanze nayo. Mazoezi makavu zaidi hayatamsaidia kwa sasa.

Aliye mvivu wa kijiti, yule ambaye jicho lake daima linakimbilia shabaha, ningemshauri miezi mitatu ya bastola ya upepo, kama sheria na mfuko vinamruhusu na ana ua au korido ya mita 10 yenye ukuta imara mwishoni. Kidonge kitamwadhibu mpaka atii.

Na anayetaka kushindana, ajue bastola yake ndogo ina nafasi yake. IDPA, chama cha kimataifa cha mashindano ya bastola kilichoanzishwa mwaka 1996, kina daraja la bastola ndogo ambalo mtutu wake haupaswi kuzidi inchi 4 na 3/8, sawa na milimita 111. Glock 19 inaingia humo bila shida. Utapiga ukiwa na saa inayokimbia na watu nyuma yako, na ni zoezi ambalo nyumbani huwezi kulitengeneza.

Yule bwana wa Jumamosi nilimkopesha risasi bandia tano. Alidonoa na zote tano, akacheka kwa mshangao, akaniuliza zinapatikana wapi. Bastola ndefu hajainunua. Mara ya mwisho tulipohesabu, kati ya 10 za mita 25, saba zilikuwa kwenye sahani.